Hakuna kinachotokea? Umeangalia kweli?

Mwandishi unasema Heartstopper, tamthilia ya Netflix (2022) ya mapenzi ya wavulana wawili wanafunzi huko Uingereza, Charlie na Nick, ni laini mno na hakuna kinachotokea. Jamani! Pale Charlie kapitiwa na usingizi kwenye kochi, Nick anataka kumgusa mkono anasita, cheche za kuchorwa zinaruka vidoleni, hilo si tukio? Alice Oseman aliianza kama katuni za mtandaoni, ndiyo maana michoro imebaki. Mimi huku Ujiji naangalia kwa simu, earphone masikioni, maana sebuleni kwetu hailetwi hiyo. Na mama yake Nick (Olivia Colman) anavyompokea mwanawe bila kelele, hapo machozi yalinitoka. Kwenye tamthilia zetu mama angeshazimia, mashangazi wameshaitwa kikao.