Msinikimbize Nisikokuona

Kuna kifo cha kwenye gemu ambacho hakiumi. Umeiona miiba, umechelewa kuruka, umekufa, unaanza tena. Halafu kuna kifo kingine kinachokuacha umeduwaa na kifaa mkononi, kwa sababu kitu kilichokuua hakikuwapo kabisa kwenye skrini ulipoamua kukimbia. Nimecheza gemu za kukimbia na kuruka kwenye vifaa vya mkononi kwa miaka mingi, na kila nikisikia kwamba gemu fulani ya kasi imeletwa kwenye kifaa kidogo, swali langu huwa moja: mchezaji anaona umbali gani mbele yake?

Tupige hesabu kidogo, maana hapa hesabu inasema kuliko maneno. Mchukue Sonic, yule kalunguyeye wa bluu aliyeanza mbio zake mwaka 1991 kwenye Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega inayounganishwa na televisheni. Skrini ya gemu ile ilikuwa na upana wa pikseli 320, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha, na kamera ilimweka karibu na katikati. Akishachanganya, anakwenda pikseli 6 kwa kila fremu (picha moja moja ya mwendo), na fremu ni 60 kwa sekunde, yaani pikseli 360 kila sekunde. Mbele yake zimebaki pikseli 160. Kwa hiyo kitu kikichomoza ukingoni, una sekunde 0.44 hivi kabla hujakivaa. Jicho na kidole cha mtu wa kawaida huhitaji kama robo sekunde kuona na kubonyeza. Inabaki nafasi. Ni finyu, lakini ipo, na utamu wote wa gemu ile umo ndani ya nafasi hiyo.

Sasa zitie mbio hizohizo kwenye Game Gear, kifaa cha mkononi cha Sega, ambacho skrini yake ina upana wa pikseli 160. Mbele ya Sonic zinabaki 80, na sekunde 0.44 inakuwa 0.22. Kabla hujafumba na kufumbua umeshagonga. Hapo uhodari hauna kazi tena. Kinachobaki ni kukariri kila mtego kwa kufa kwanza.

Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wa Ancient, kampuni ya mtunzi wa muziki Yuzo Koshiro, waliotengeneza Sonic ya kwanza ya Game Gear na ya Master System, mashine ya televisheni ya Sega iliyotangulia Mega Drive. Hawakuikamua gemu ya Mega Drive hadi iingie kwenye katriji ndogo. Waliijenga upya. Vile vitanzi maarufu vya kuzunguka kichwa chini waliviacha. Waliongeza sehemu ambazo kwenye Mega Drive hazipo, kama Bridge na Jungle. Zumaridi, vito ambavyo mchezaji huvikusanya, walizificha ndani ya hatua zenyewe, na kwa uamuzi huo mmoja wakampa mchezaji sababu ya kupunguza mwendo na kuangaza macho juu na chini. Hata Sonic mwenyewe ni mtulivu kidogo. Wapo wanaoiona gemu hiyo kuwa toleo la maskini. Mimi naiona kuwa ndiyo tafsiri bora, kwa sababu waliotafsiri walijua lugha zote mbili.

Tazama hatua ya pili ya sehemu ya Jungle, ambako unapanda kwenda juu. Kwenye Master System, kamera ikishapanda hairudi; ukiteleza ukapita ukingo wa chini wa skrini, umekufa, hata kama sekunde chache zilizopita ulisimama palepale. Kwenye Game Gear kamera inakufuata chini. Ni badiliko dogo ambalo wengi hawalitambui, lakini nyuma yake kuna mtu aliyekaa na kifaa mkononi akajiuliza: kwa dirisha hili dogo, ni haki kumuua mtu kwa kuteleza tu? Mtu huyo ndiye ninayetaka awe kwenye kila timu inayohamisha gemu.

Mwaka uliofuata, kwenye Sonic 2 ya kifaa hichohicho, swali hilo halikuulizwa. Bosi wa kwanza kabisa, yaani adui mkubwa wa mwisho wa sehemu, amebaki simulizi miongoni mwa wacheza gemu. Sonic anasimama kwenye mteremko, mipira mikubwa inadunda kumjia, na kazi yake ni kuikwepa ili ikaigonge mashine iliyo chini. Master System ina pikseli 256 kwa 192, Game Gear 160 kwa 144, chini ya nusu ya eneo. Pambano liliwekwa ndani ya dirisha hilo bila kupewa nafasi ya kutosha, kwa hiyo mpira ukiingia kwenye skrini umeshakufikia. Na huna hata pete moja ya kukukinga, mguso mmoja tu. Nawaza watoto waliokuwa na gemu hiyo moja tu, na hawakuwahi kuona kilicho nyuma ya huyo bosi. Hiyo inaniuma kwa dhati.

Isitoshe skrini za wakati huo zilikuwa zinaacha kivuli. Picha ikisogea kwa kasi, miiba na ardhi vinapakana rangi. Kwa hiyo hata hizo pikseli 80 huzioni zote vizuri.

Mtu atasema kosa ni la vifaa, vilikuwa dhaifu. Sikubali. Game Boy Advance, kifaa cha mkononi cha Nintendo, ilikuwa na skrini ya pikseli 240 kwa 160 na nguvu zaidi ya kutosha. Mwaka 2001 ikapata Sonic Advance, iliyobuniwa kwa ajili ya skrini hiyo, na inachezeka vizuri mpaka leo. Mwaka 2006, kusherehekea miaka 15, ikaletwa gemu ile ya 1991 kwenye kifaa kilekile, picha imesogezwa karibu, mwendo unasuasua, kuruka kunachelewa. Kifaa kimoja, kalunguyeye mmoja, matokeo mbingu na ardhi. Tofauti ni kazi iliyofanywa, au ambayo haikufanywa.

Na dawa ilikuwa inajulikana zamani. Sonic CD ya 1993 ina kamera inayotangulia: ukifika kasi kubwa, picha inasogea pikseli 64 kuelekea unakokwenda, Sonic anabaki nyuma, na mbele unaona pikseli 224. Hata kwenye skrini ya pikseli 160 jambo hilo lingesaidia. Msogeze mkimbiaji mpaka robo ya kwanza ya skrini, mbele unapata 120, sawa na theluthi ya sekunde. Umeshaipita ile robo sekunde ya jicho na kidole.

Siku hizi mambo yamegeuka kwa namna inayonifurahisha. Sonic Mania ya 2017 huchorwa kwa upana wa pikseli 424, kwa hiyo ukiwa na Switch, kifaa cha Nintendo, mapajani unaona mbele kama sekunde 0.59 za kasi ileile, mbali kuliko waliokaa mbele ya televisheni mwaka 1991. Kifaa cha mkononi kimeacha kuwa ndugu mdogo. Bado nina ugomvi na vile vitufe vinne vilivyotengana vya upande wa kushoto, maana kidole gumba kinataka msalaba mmoja mzima wa kuegemea, lakini huo ni ugomvi mdogo.

Kwa hiyo nikishika gemu mpya ya kasi kwenye kifaa kidogo, simwangalii shujaa. Nashikilia kitufe cha kulia mpaka achanganye, kisha natazama ukingo wa skrini anakokwenda na kuhesabu: kitu cha kwanza kikichomoza, je, nimewahi kuvuta pumzi kabla hakijanifikia?