Kuvu za udongoni na mizabibu ya Dodoma

Mkulima wa zabibu Dodoma akisikia neno fangasi, mkono unakwenda kwenye bomba la kupulizia dawa. Hakosei. Ubwiriunga ukishaingia shambani, majani na punje hupata vumbi jeupe, punje hupasuka, na bei inaondoka nazo. Ukimwambia kuna kuvu nyingine zinazoulisha mzabibu wake, atadhani unamfanyia mzaha.

Lakini zipo, na wataalamu huziita mikoriza. Kwa macho huzioni. Chukua vijizizi vyembamba vya mzabibu, vichemshe kwenye dawa ya kuving'arisha, kisha vitie wino na siki. Chini ya hadubini, ndani ya seli za mzizi, utaona vimti vidogo vya buluu vilivyotanua matawi kama mbuyu wa kiangazi. Hapo ndipo wanapobadilishana: mzabibu unatoa sukari, kuvu inaleta fosforasi, zinki na maji kiasi, kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazopenya mahali mzizi haufiki. Mzabibu una vinyweleo vichache vya mizizi, kwa hiyo unazitegemea kuliko mimea mingi.

Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Joto likipanda, udongo wa kichanga hukauka upesi zaidi, na mvua ikikatika katikati ya msimu mzabibu hauna akiba. Wanaozitetea kuvu hizi, wakitaka mkulima azinunue na kuziongeza shambani, wanaegemea hapo. Majaribio mengi yameonesha miche yenye mikoriza ikistahimili ukame vizuri kuliko isiyo nayo, na nyuzi zenyewe hufunga mchanga ukashikamana.

Wanaosita nao wana hoja nzito. Sehemu kubwa ya majaribio hayo yalifanyika kwenye vyungu, tena kwa udongo uliochemshwa kwanza ili usibaki na kuvu hata moja. Shamba la kweli huwa nazo tayari. Kuvu hizi haziwezi kukuzwa bila mzizi ulio hai, kwa hiyo kuzizalisha ni ghali, na bidhaa kadhaa za madukani zilipopimwa katika nchi mbalimbali kuvu zake hazikuota kwenye mizizi. Na hakuna kuvu itakayozuia mvua kubwa kuozesha zabibu zilizoiva, wala kujaza kisima kilichokauka. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu, anunue mipira ya umwagiliaji wa matone.

Mimi nasema pakiti za kuvu zisubiri, ila kuvu zilizomo shambani tuache kuziua. Mbolea ya DAP, yenye fosforasi nyingi, ikimwagwa kwa wingi, mzabibu unapata fosforasi ya bure na kuacha kuzilisha. Jembe likizama sana, nyuzi zinakatika. Udongo ukiachwa mtupu, kuvu zinabaki na mizizi ya mzabibu peke yake. Palizi ya juu juu na samadi ya ng'ombe, ambayo Ugogoni haiko mbali, zinasaidia zaidi.

Shida iko kwenye majani yanayoota katikati ya mistari ya mizabibu. Mizizi yake hulisha kuvu zilezile, lakini yanakunywa maji ya mzabibu. Ukiyafyeka ukayatandaza, mchwa wanafurahi. Kunde zinazopandwa mvua zikianza na kufyekwa kabla ukavu haujakaza naona ndiyo njia ya kati, ingawa kwa mwenye nusu ekari na mikono miwili hiyo ni kazi juu ya kazi.

Pesa ya utafiti ningeipeleka kitaluni. Pingili nyingi huanzia kwenye viriba vya mchanga usio na uhai mwingi, na hapo ndipo konzi ya udongo wa shamba kongwe lenye afya inaweza kuleta tofauti. Udongo huohuo unaweza pia kubeba minyoo fundo, wadudu wadogo wanaoshambulia mizizi, kwa hiyo mkulima asijaribu kwa kubahatisha. Kituo cha utafiti cha Makutupora kiko jirani. Mistari miwili ya viriba, mmoja wenye udongo huo na mwingine bila, maji sawa, kiangazi kimoja. Halafu mizizi ikatwe, itiwe wino na siki, na ihesabiwe iliyoingiwa na kuvu.