Karisa: Ua na Ua Lake

Kamati ya wakaazi wa mtaa mmoja huku Nyali ilikubaliana mwezi uliopita kwamba ua wa karisa unaozunguka uwanja wa watoto ung'olewe. Sababu zilizotajwa ni tatu: una miiba, ukivunjwa unatoa maziwa, na si mmea wa kwetu. Nimezungumza na watu wa pande zote mbili, na asubuhi mbili nimesimama mbele ya ua wenyewe nikiutazama. Wanaotaka uondoke wana hoja. Ila naona karisa imehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Kwa asiyeijua kwa jina, ni kile kichaka cha majani mazito yanayong'aa, chenye vijiua vyeupe vya petali tano mfano wa nyota. Jua likizama vinanukia, harufu inayokaribia asumini. Tunda lake ni jekundu, kubwa kuliko kunazi, na nyama yake ina uchachu mtamu. Kwao ni pwani ya Natal, Afrika Kusini, hadi Msumbiji. Jina linatokana na Kilatini cha wataalamu wa mimea, Carissa, ijapokuwa huku kwetu anayelisikia humfikiria kwanza Karisa wa Kigiriama.

Tuanze na miiba, kwa sababu hapo kamati haikukosea. Mwiba wa karisa ni mgumu, umegawanyika ncha mbili kama panda ya manati, na unaweza kufika sentimita tano. Binti mmoja aliyekimbilia mpira alitoka na michubuko miwili sambamba mkononi, niliiona. Mmea huu haufai kupandwa mahali watoto wanapocheza mpira, na aliyeupanda pale alikosea. Lakini hilo ni kosa la mahali. Mwiba huohuo ukiwa kwenye mpaka wa nyuma wa kiwanja, ambako watu huweka seng'enge na vigae vya chupa juu ya ukuta, unazuia mbuzi na mwizi bila kushika kutu. Na kutu ndiyo inayomaliza nyua zetu. Chumvi ya bahari inakula mabati na waya miaka michache tu. Karisa imezaliwa kwenye vilima vya mchanga kando ya bahari hiihii ya Hindi. Upepo wa chumvi ni hewa yake ya kawaida. Ikishashika mizizi inastahimili kiangazi, jambo kubwa katika mji ambao watu wengi wanajua bei ya mtungi wa maji kuliko bei ya mkate.

Maziwa ndiyo yaliyowatisha watu zaidi, na hofu hii inastahili heshima. Karisa ni wa ukoo mmoja na olianda, kichaka cha mapambo, na ule mti wa maua ya manjano kama kengele, thevetia, ambao una sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Kibaya zaidi, jamaa yake wa karibu kabisa ni mti ambao Wagiriama walikuwa wakiuchemsha kutengeneza sumu ya mishale iliyotumiwa na wawindaji wa tembo wa Kiwaata. Nao una maua meupe yenye harufu nzuri. Mama anayemwambia mwanawe "usitie mdomoni kitu cha kwenye ua" ana akili timamu.

Hata hivyo, anayetazama kwa makini hachanganyi. Mti wa mishale hauna miiba, na tunda lake likiiva huwa jeusi la zambarau. Olianda haina tunda la nyama hata kidogo. Karisa ina mwiba wa panda, na tunda jekundu. Kinacholiwa ni tunda hilo peke yake, likiwa limeiva hadi kulainika. Majani na vijiti viachwe. Siku ile uwanjani kijana wa bustani alimwambia bibi mmoja wa pale, "Bibi, usile, lina maziwa." Bibi akalipasua kwa kucha, akamwonyesha matone meupe ndani ya nyama nyekundu, akamjibu: "Mwanangu, na fenesi je? Kwani fenesi halina ulimbo?" Akalila. Sina jibu bora kuliko hilo. Hata dawa yake ni ileile ya fenesi: ukipika jamu ya karisa, ulimbo unaganda pembeni mwa chombo, na unatoka kwa kusugua mafuta ya kupikia. Ila usitumie sufuria ya alumini, tafuta ya chuma cha pua au ya enameli.

Hoja ya ugeni nitaipita haraka. Mombasa ina haki ya kuogopa wageni. Kunguru walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 bado tunapigana nao. Ndege wanaweza kubeba mbegu za karisa, basi matunda yavunwe yasiachwe kuoza juu. Lakini mwembe, mpera na bogenvilia navyo vilikuja kwa jahazi na meli. Kuna waliosema kama ni hivyo tupande mtandamboo, binamu yake wa msituni kwetu, mwenye tunda dogo jeusi. Nakubali kabisa. Apatapo mtu miche ya mtandamboo, aipande. Tatizo ni kwamba katika vitalu vya kando ya barabara nilivyopita, karisa ipo, mtandamboo haupo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati haikuligusa, nami halinitoki kichwani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii ndogo, zaidi ya 5,000 kwa kila kilomita ya mraba. Hatuna shamba. Mwenye bahati ana kiwanja cha hamsini kwa mia. Mzunguko wake ni futi 300. Toa 12 za geti, zinabaki 288, yaani kama mita 88. Ukipanda mche kila sentimita 60, ni miche karibu 145, yote mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaita bustani. Kila mche ukitoa matunda ishirini tu kwa mwaka, ni matunda 2,900. Nyama ya tunda moja ni kama gramu 20. Hiyo ni kilo 58 kutoka kwenye mpaka. Sisemi karisa ni dawa. Gramu 100 zina miligramu 38 za vitamini C, wakati pera lina kama 228. Nasema ukuta wa mawe, kwa gharama yake yote, hauzai hata tunda moja.

Anayebisha atasema: mbona ua wa mtaa ule hauzai? Ni kweli, nilihesabu matunda tisa kwenye ua mzima. Lakini karisa hutoa maua kwenye ncha za matawi, na mtunza bustani anazikata ncha hizo kila wiki apate mstari ulionyooka. Isitoshe, uchavushaji wake hutegemea nondo na wadudu wa usiku, na pale dawa ya mbu hupulizwa jioni, saa ambayo maua yananukia. Ukiacha ncha zikue, ua utapanuka hadi mita moja au zaidi, na kwenye kiwanja kidogo hiyo si ardhi ya kupuuza. Hapo kila mwenye nyumba apime mwenyewe.

Kamati imekubali kungoja. Upande wa uwanja utaondolewa, upande wa nyuma utabaki. Kwa vile mbegu za karisa hazifuati mama sawasawa, kijana wa bustani amechagua matawi kumi na mawili ya mche ule uliozaa, akayakata nusu unene na kuyainamisha yaning'inie bila kutengana na shina. Yanakaa hivyo miezi miwili hadi kidonda kifanye uvimbe, kisha yanakatwa na kutiwa mchangani kivulini. Ameyafunga utambaa mwekundu watu wasiyavunje, na anasubiri vuli.