Mafuta tutaongea

Leo wacha niseme, na anayejijua ajijue. Hapa Malindi ukinunua gari ndogo watu wakwambia mashallah, hongera, Mungu akuzidishie. Ukinunua pikapu hakuna cha hongera, watu wananyamaza kidogo tu halafu waona kwa macho wanapiga hesabu, huyu ana godoro la kuhamisha, yule ana mabati yake yamelala Gongoni tangu mwaka juzi, na yule mwengine hana kitu kabisa lakini hapo hapo ameanza kufikiria anunue ng'ombe.

Jina langu lishapotea. Simu yalia saa kumi na mbili asubuhi, hata mswaki sijashika, mtu hasemi salaam aleikum, hasemi umeamkaje, anasema "gari iko?" Gari iko. Mimi je, niko? Juzi nimelala na malaria siku nne, watu wakaja kuniangalia, Mungu awalipe, lakini nikiwa kitandani niliwaona kwa dirisha kila anayekuja anapita kwanza kwa pikapu, anapiga tairi teke moja, anaangalia chini kama yavuja, halafu ndo anaingia ndani na sura ya huzuni aniulize naendeleaje na kama kuna mtu mwengine anayejua klachi ya hii gari.

Na wote wana neno moja: mafuta tutaongea. Mwaka wa sita huu niko na hii pikapu na hayo maongezi hayajaanza. Kila tarehe 14 ya mwezi bei mpya ya mafuta ikitangazwa usiku, mimi na redio yangu twakaa kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani wa mtoto, na hao wa tutaongea wamelala fofofo.

Sasa wiki iliyopita ami yangu wa Mambrui akanipigia. Mambrui si mbali, wavuka daraja la Sabaki waenda kidogo umefika, ni kama kilomita 15 tu. Akaniambia, "Mwanangu, nna kijikabati nataka unipelekee huko mjini kwa dadako." Kijikabati. Skizeni nyinyi wenye pikapu, mkiskia mtu wa huku kwetu ameanza na kiji, zimeni simu. Kijikabati, kijimzigo, vijikuni viwili vitatu. Lugha yetu imejaaliwa, mtu anaweza kulichukua jumba la ghorofa akalitia kiji mbele na wewe ukaamini litaenea nyuma ya gari.

Nikaenda. Kijikabati chenyewe ni lile kabati la marehemu bibi, la mvule, milango mitatu na kioo katikati, limeingia kwenye ile nyumba kabla nyumba haijawekwa mlango kwa sababu lilipokuwa latoka ilibidi fremu ing'olewe. Watu sita. Wawili kati ya hao sita kazi yao ilikuwa kusema "polepole." Kabati limepanda, springi zimelia, nafunga kamba niondoke, ami akasema ngoja kuna na kitanda. Kitanda nacho kikapanda. Halafu makuti mia mbili, "haya hayana uzito mwanangu." Kweli makuti hayana uzito, yana kiburi, yanapanda juu juu mpaka gari yaonekana kama banda la hoteli linalohama. Halafu mbuzi. Halafu bibi mzee jirani ambaye hatuhusiani naye kwa lolote, ana kliniki yake mjini, akaingia mbele akafunga mlango mwenyewe akaanza kuvuta uradi.

Tulipofika pale darajani upepo wa kusi ukatupata ubavuni. Makuti yakaanza kuruka moja moja, mto chini maji mekundu yale ya udongo wa bara, nami kwa kioo cha pembeni nayaona yashuka taratibu kama ndege waliochoka. Siwezi kusimama darajani. Bibi akanigusa bega akasema, "baba, paa la watu lamalizika huko." Najua bibi. Nimeona.

Baada ya daraja, askari wa barabarani. Hapa lazima niwaambie kitu sikuwa nimewaambia, ami hakubaki Mambrui. Ami alikuwa nyuma, chini ya makuti, amekataa katakata kuliacha kabati peke yake, na sote twajua kubeba mtu nyuma ya pikapu hakuruhusiwi. Askari akaizunguka gari mara moja, akazunguka tena, akauliza nyuma kuna nini. Nikasema kabati, kitanda, makuti, mbuzi. Kimya. Akawa anirudishia leseni yangu, yaani mkono ushanyooka. Makuti yakapiga chafya.

Askari akaniangalia. Nikamwambia mbuzi ana mafua.

Ingepita, wallahi ingepita, yule askari alikuwa amechoka na jua. Lakini ami ni mtu wa dini, hawezi kuchemua akanyamaza. Kukatoka sauti huko chini: "Alhamdulillahi." Na askari naye mlezi wake alimlea vizuri, akajibu "yarhamukallah" kabla hajafikiri, halafu ndo akakunja uso.

Ami akateremshwa na majani kwenye kofia yake, akaambiwa atafute bodaboda. Boda nikalipa mimi, maana ami hakutoka na pesa ndogo. Nami nikaambiwa maneno mengi pale ambayo nilistahili. Ila nilipokuwa natia gia niondoke, yule askari akaja dirishani akainama, akaongea sauti ya chini, nikajua leo ndo leo. Akasema, "Kwani Jumapili huwa uko? Nna kijisofa."

Wenye gari ndogo hawaelewi. Wao waniambia si ukatae tu. Nikatae vipi? Gari ina bodi yaonekana tupu toka barabarani! Mwenye gari ndogo akidanganya buti imejaa nani atafungua? Mimi nikipita bila mzigo mji mzima waniona kama nimekwenda sokoni nikarudi na kikapu kitupu, watu wanikimbilia kunisaidia kukijaza.

Halafu ikiwa tupu ndo taabu zaidi. Zile springi za nyuma zimepangwa vyuma juu ya vyuma kama chapati, zimetengenezwa kwa tani moja, usipozibebesha kitu zanuna. Tuta dogo tu la kule Maweni lakurusha mpaka kichwa chagonga juu. Na mvua za masika, lami ikilowa mara ya kwanza, nyuma nyepesi haishiki barabara, unakata kona mbele imeshakata, nyuma yauliza twaenda wapi. Fundi akaniambia weka magunia mawili ya mchanga nyuma iwe na uzito. Nikaweka. Siku ya pili jirani akabisha hodi: "Huo mchanga wautumia? Nna kijiukuta nataka kupiga plasta." Nimebaki nafunga magunia kwa mnyororo na kufuli, mchanga! Mtu akae pwani afungie mchanga kufuli.

Samaki siongei sana kwa sababu mama watoto husoma. Nilibeba mara moja tu kutoka Mayungu, nguru na papa, ile barafu yote iliyeyuka njiani, maji yakaingia chini ya viti. Niliosha kwa sabuni, nikaosha kwa ndimu, nikafukiza udi. Ikawa yanuka papa aliyekwenda harusini. Mpaka leo nikiegesha msikitini Ijumaa nikitoka nakuta paka wamekaa safu nyuma wamengoja gari iondoke kama abiria wa Mombasa, na mmoja nina hakika nilimteremsha Watamu wiki mbili nyuma.

Na kutu. Upepo wa bahari wakula chuma polepole, hilo nalijua, lakini mimi nikajisaidia mwenyewe nikabeba magunia ya chumvi kutoka huko Gongoni siku ya mvua na turubai lina matobo. Sasa sakafu ya bodi imekuwa kama chekeche. Msimu wa maembe ulipofika nilipakia ngowe Marafa, nikashusha sokoni mwenye mali akahesabu akasema hazitimii. Kumbe barabara nzima watoto walikuwa wanatembea nyuma yangu na ndoo, nami nikidhani wananipungia mkono kwa mapenzi.

Mzee mmoja pale barazani tukinywa kahawa akaniambia nisilalamike, watu wa Malindi ndo kazi yetu tangu zamani. Akaleta ile habari ya Vasco da Gama, kafika hapa 1498, Mombasa hawakumtaka, mfalme wa Malindi akampokea akampa mtu wa kumwelekeza njia ya bahari mpaka Calicut huko India. Bwana nikaitafakari ile habari njia nzima. Mtu hata hajulikani, katokea baharini, kasema ana kijisafari. Na jamaa wakakubali! Alichotuachia ni nguzo tu pale juu ya mwamba. Mimi hata nguzo sijaachiwa.

Kwa hivyo nikaamua nauza. Nikaandika kikaratasi nikabandika kwa kioo, na juzi akaja mnunuzi, kijana mmoja wa Kilifi, mpole, pesa anazo. Nimefungua boneti, kugeuka hivi mtaa mzima uko nyuma yangu. Hakuna niliyemwita. Mama wa mahamri akaanza, akamwambia mwanangu hiyo ikipanda mlima yabidi uiombee. Wa pili akasema redieta yanywa maji kama ngamia. Yule jirani wa kijiukuta, ambaye kuta zake zote zimesimama kwa hii gari, akasema ameiona ikijiendea peke yake usiku. Ami naye, ametoka Mambrui kwa boda kwa hiyo kazi tu, akamshika kijana mkono akamwambia kwa upole kwamba si gari mbaya, ila ilibeba maiti wanne na hawajawahi kushuka wote.

Nikajaribu kusema kitu. Mama wa mahamri akaniambia nyamaza wewe, wauza gari yetu bila kutuuliza.

Kijana akafunga boneti mwenyewe, taratibu. Akanipa mkono, akasema kaka samahani sana, hii sitaiweza. Nikamwambia hakuna neno. Akaenda hatua tatu, akasimama, akajikuna kichwa, akarudi.

"Lakini kaka, saa hii uko na kazi? Nna kijifriji nimenunua hapo mjini, nilikuwa nadhani nitarudi nacho na gari. Ni hapo Kilifi tu. Mafuta tutaongea."

Nilimtazama ami. Ami alikuwa ashapanda nyuma ashike.

Friji lenyewe lilikuwa la milango miwili.