Jaribio la takwimu huchaguliwa kwenye dodoso, si kwenye programu ya takwimu ya SPSS

Msimu wa tasnifu ukifika, steshenari za jirani na vyuo hapa Dar es Salaam hujaa wanafunzi wenye flashi mkononi: "Nitumie kai-skwea au Pearson?" Yote mawili hupima kama mambo mawili yanahusiana: kai-skwea kwa makundi, Pearson kwa namba. Swali zuri, ila limechelewa. Jibu lake huamuliwa siku dodoso linapoandikwa.

Chukua kipato cha mama lishe kwa siku, unachotaka kukihusisha na jambo jingine. Ukimpa visanduku vya kuchagua, "chini ya shilingi 10,000", "10,000 hadi 30,000", umekusanya madaraja, si namba. Pearson haikufai tena. Tumia Spearman, inayoangalia nani yuko juu ya nani. Ungeuliza kiasi chenyewe, njia zote zingebaki wazi, maana namba hugeuzwa kuwa madaraja wakati wowote, ila daraja halirudi kuwa namba.

Hata ukiwa na namba, chora grafu ya nukta kwanza. Pearson hupima uhusiano ulionyooka tu. Mwaka 1973 Francis Anscombe alionyesha seti nne za data zenye r (namba ya Pearson ya nguvu ya uhusiano) ileile, karibu 0.82, na mojawapo imebebwa na nukta moja tu. Mpangaji mmoja wa Masaki kwa matajiri katikati ya wapangaji wa Tandale uswahilini anatosha kukuzulia uhusiano usiokuwepo.

Inayoonewa zaidi ni kai-skwea, ya makundi kwa makundi. Tuseme umehoji wafanyabiashara 40 wa Kariakoo: 10 wana mkopo wa benki, 8 wanatunza vitabu vya hesabu. Idadi tarajiwa ya wenye vyote viwili, kama mambo hayo hayahusiani, ni 10 × 8 ÷ 40, yaani 2. Iko chini ya 5, na kwenye jedwali la vyumba vinne chumba hicho kimoja tayari ni asilimia 25, wakati kanuni inaruhusu vyumba vyenye idadi tarajiwa chini ya 5 visizidi asilimia 20. Hapo tumia jaribio la Fisher. SPSS huandika onyo hilo chini ya jedwali, na inaudhi kuona watu wanalikata wanaponakili.

Kulinganisha wastani wa makundi mawili ni jaribio la t; matatu na kuendelea, ANOVA. Sampuli ikiwa ndogo na data imeegemea upande mmoja, tumia Mann-Whitney kwa makundi mawili au Kruskal-Wallis kwa matatu na kuendelea.

Kosa baya kuliko yote ni la kabla na baada. Watu 50 waliopimwa mara mbili si watu 100. Wanahitaji jaribio la t la jozi, au McNemar kwa majibu ya ndiyo na hapana, na huwezi kuwaoanisha kama dodoso halikumpa kila mhojiwa namba yake tangu mwanzo.