Weka urea, mama

"Weka urea, mama, yatanyooka." Ndilo jibu alilopewa shangazi yangu huko Geita, maharage yake yakiwa manjano na mafupi utadhani yalipandwa juzi. Bwana shamba hakushuka hata kwenye pikipiki. Hakuuliza kwa nini sehemu iliyodumaa inafuata ule ule mkondo wa maji ya mwalo, pale dhahabu inapochenjuliwa kwa zebaki, mvua zikinyesha.

Basi nikang'oa mche mmoja mwenyewe. Vinundu vya mizizini vya kuhesabu. Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani kijani cha kufifia. Nikapanda juu, karibu na mihogo, nikang'oa mwingine: vinundu tele, ndani vyekundu kama ufizi wa mtoto.

Wekundu ule ni dalili kwamba bakteria wa humo wako kazini, wanakamata naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea bure. Bibi zetu walichanganya mahindi na maharage bila kumjua muuza mbolea. Sasa metali kama zebaki na kadimiamu zikizidi ardhini, mara nyingi wanaoumia kwanza ni hao bakteria. Harage halifi. Linabaki hai, ila limegeuzwa mteja wa duka la pembejeo! Tukiongelea uchenjuaji tunataja samaki na mikono ya wachimbaji inayotetemeka, na ni haki. Wizi huu wa chini kwa chini hauna wa kuutaja.

Kule Woburn, Uingereza, shamba la majaribio lilimwagiwa tope la maji taka lenye metali toka 1942 hadi 1961. Zaidi ya miaka 20 baadaye, klova nyeupe, ndugu wa maharage, bado ilikuwa na vinundu visivyofanya kazi. Na tope lile liliwekwa kama mbolea, jamani.

Urea nayo, ukiiweka kila msimu, huongeza tindikali, na kwenye tindikali kadimiamu hupanda mizizini kwa urahisi zaidi. Ushauri wa kitaalamu kweli kweli.

Haya, umanjano una sababu nyingi, na sijapima chochote. Na mwalo huo huo ndio uliomlipia binamu yangu ada. Nakubali, shingo upande. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020; pale mwaloni hakuna aliyeniambia ameusikia.

Udongo wa pande zote mbili ninao, kwenye mifuko miwili ya sukari, natafuta maabara ya bei ninayoiweza. Shangazi ameshanunua urea.