Nimelipa Dola Niumwe na Mbu

Jamani, hebu tuelewane. Mtu umezaliwa Mwanza, umeoga ziwani mpaka ngozi imepauka, umehangaika na viza, umefika Minneapolis, umepata nyumba yenye maji ya moto na baridi kwenye bomba moja. Halafu kila kiangazi wenzako kazini wanakuuliza, "Mwaka huu mnakwenda ziwani?" Na wewe, kwa kuogopa kuonekana huna mbele wala nyuma, unatoa dola zako ukalale kwenye kibanda cha mbao kisicho na intaneti, uwashe kuni, uumwe na mbu. Yaani yale yote niliyoyakimbia, huku wananiuzia kwa usiku.

Jimbo letu hili la Minnesota wameandika kwenye namba za magari kwamba wana maziwa 10,000. Huo ni unyenyekevu tu, maana wakihesabu yenye ekari 10 na kuendelea wanapata 11,842. Sasa maziwa yote hayo, kwa nini Ijumaa jioni jimbo zima linajibana kwenye barabara ya 35 kwenda kaskazini? Foleni haisogei, kila gari lina mtumbwi kichwani, wa kati amebanwa na mkojo, kitinda mimba ametupa kiatu dirishani, na mkubwa anauliza kama tumefika. Tumefika wapi, na mjini hatujatoka?

Safari hii tulikuwa na mama mkwe, amekuja kuona wajukuu. Tulipofika akashuka garini, akajifunga khanga vizuri, akatazama maji. Ng'ambo ya pili mzungu mmoja alikuwa anaanika taulo. Mama mkwe akamwona mpaka soksi.

"Baba, ziwa lenyewe liko wapi?"

"Ndilo hili, mama."

Akanyamaza. Heshima tu ilimzuia. Mtu aliyezoea kuangalia Ziwa Victoria mpaka macho yanachoka, unamwonesha maji ambayo ukipiga chafya jirani wa ng'ambo anakuitikia.

Halafu kuna hili jua. Saa tatu usiku, na naomba nieleweke, usiku, jua liko pale pale linatutazama. Mama mkwe anaangalia saa yake, anaangalia nje, anaitikisa saa. Watoto wamepata mwanasheria: "Baba, ulisema tutalala giza likiingia." Nikapigilia mablanketi madirishani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri jua limerudi, na kitinda mimba amekaa kifuani kwangu ananifungua jicho kwa kidole.

Hapo katikati, ule muda mchache wa giza, kuna ndege anaitwa loon. Ndiye ndege rasmi wa jimbo, wamemweka mpaka kwenye sarafu. Mchana anaogelea kimya, mweusi mwenye madoadoa meupe, mzuri kabisa. Usiku analia kama mtu aliyepewa habari mbaya kwa simu. Alipolia mara ya kwanza, nikasikia mama mkwe upande wa pili wa ukuta anaanza kusali kwa sauti. Ukuta wenyewe ni ubao mmoja. Nikikohoa, ananipa pole. Choo nacho ni kimoja. Mwenye akili gani alijenga nyumba ya kulaza familia akaweka choo kimoja, bila kufikiria kwamba duniani kuna wakwe? Saa nane za usiku nafungua mlango wa chumba, nimejifunga taulo la mtoto lenye picha ya bata, uso kwa uso naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tangulia tu."

Utatanguliaje? Nikarudi kitandani na shida yangu mpaka asubuhi.

Kuvua samaki ndiyo usiseme. Watoto wanavua bure, baba ndiye wa leseni. Leseni nikakata, lakini ndoano sikuitumbukiza majini hata mara moja, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuinasua kwenye majani, kwenye mti, na kwenye kaptula ya wa kati. Chambo chao ni ruba. Ndiyo, ruba wale wale, wanauzwa kwa dazeni, wamewekwa kwenye friji dukani pamoja na maziwa na soda. Asubuhi nimewalipia, mchana mkubwa anatoka kuoga na mmoja kidoleni, bure.

Jirani yetu akavua samaki mkubwa, akampiga picha, akambusu, akamrudisha majini. Mama mkwe aliinuka kwenye kiti. "Amemrudisha? Kafanya nini yule samaki?" Nikajaribu kumweleza kwamba hawa huvua kwa kujifurahisha. Akaniangalia kwa huruma, akachukua visamaki vya wajukuu, vya ukubwa wa kiganja, akavikaanga na vichwa vyake, na ndicho chakula pekee watoto walichokimaliza wiki nzima.

Kitinda mimba naye aliingia majini na pampasi ya kawaida wakati nimegeuka kufunga jaketi la kujiokolea la kaka yake. Ile pampasi ikanywa ziwa. Akatoka anatembea miguu mbali mbali, mzigo unamgonga magoti, kila hatua inachuruzika, na anatabasamu.

Siku ya kuondoka nikakuta karatasi kwenye friji: vua mashuka, osha vyombo, toa taka, fagia. Na kwenye risiti kuna ada ya usafi! Wa kusafisha ni nani sasa, si mimi? Nikashika ufagio nikinung'unika. Mama mkwe akaniona, akanipokonya. "Mkwe hafagii mbele yangu." Nikabembeleza, wapi. Akanipa kikombe cha chai nishike, akainama, akafagia.

Hapo ndipo mama watoto akaona picha nzuri. Akaipiga, akaitupa kwenye kundi la familia: mama yao ameinama na ufagio Marekani, mimi nimesimama nyuma na chai. Wajomba zake wa Mwanza bado wananipigia kwa zamu. Leo asubuhi alikuwa yule wa Magu.